Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Kuweka Fyuzi Nyingine kwenye Amplifaya ya Gari

Amplifaya ya gari inapounguza fyuzi mara kwa mara, wengi hukimbilia njia mbili: kuweka fyuzi kubwa zaidi, au kuendelea kubadilisha za kiwango kilekile wakitumaini kwamba mojawapo itadumu. Njia ya kwanza ni ya hatari, na ya pili inaweza kumaliza kuiua amplifaya ambayo bado ingetengenezeka. Ikumbukwe kwamba fyuzi iliyo karibu na betri haikuwekwa pale kwa ajili ya amplifaya, bali kwa ajili ya waya mrefu unaopita chini ya zulia hadi kwenye buti. Betri ya gari inaweza kutoa mamia ya ampea kwa mkupuo, na waya uliopiga shoti bila fyuzi ya kuukatia umeme hupata moto kiasi cha kuyeyusha ganda lake na kuwasha chochote kilicho jirani. Kwa hiyo pasiwe na fyuzi ya ampea 60 mahali palipoandikwa 30, na karatasi ya alumini isitumike kabisa, hata kwa majaribio ya dakika moja.

Kabla ya kugusa kitu chochote, jiulize ni fyuzi ipi inayoungua na inaungua wakati gani. Mfumo uliofungwa vizuri una fyuzi sehemu mbili: moja kwenye waya wa chanya, isiyozidi takriban sentimita 45 kutoka kwenye betri, na nyingine kwenye amplifaya yenyewe. Ikiungua ya betri huku ile ya amplifaya ikiwa nzima, shaka ya kwanza iwe kwenye waya ulio kati yao. Ikiungua ya amplifaya, tatizo liko ndani ya amplifaya au kwenye spika na nyaya zake. Wakati nao una maana yake: fyuzi inayoungua mara tu waya wa chanya unapoguswa, hata kabla redio haijawashwa, inaelekeza mahali tofauti kabisa na ile inayongoja redio iwashwe, au ile inayovumilia nusu saa ya muziki wa sauti ya juu ndipo ikatike. Andika majibu haya, kwa sababu ndiyo yatakayokuambia uanzie wapi, na fundi utakayempelekea kazi atayahitaji vilevile.

Fyuzi iliyoungua isitupwe. Ishike kwenye mwanga mzuri uitazame katikati. Ikiwa plastiki imekuwa nyeusi kwa ndani na utepe wa chuma umetoweka, ukiacha madoa ya metali kwenye kuta, mkondo uliopita ulikuwa mkubwa mno kwa ghafla, na hiyo kwa kawaida ni shoti. Ikiwa utepe umekatika mahali padogo pasipo weusi mwingi, mkondo huenda ulizidi kiasi tu na ukaendelea hivyo kwa muda. Ipo hali ya tatu ambayo watu wengi huipita bila kuiona: utepe ni mzima au umelegea kwa joto, lakini miguu ya fyuzi imebadilika rangi na plastiki imeyeyuka upande wa chini. Hapo mwenye makosa ni kishikio cha fyuzi. Kimelegea au kimeota kutu, kinazalisha joto, na fyuzi mpya utakayoweka humo itaharibika vilevile hata kama amplifaya haina dosari yoyote.

Vifaa vinavyohitajika si vingi. Tafuta multimita, spana za kufungulia vichwa vya betri, msasa, fyuzi chache za kiwango kilichoandikwa kwenye amplifaya, na kifaa ambacho mimi nakithamini kuliko vyote katika kazi hii: balbu ya breki ya volti 12 na wati 21, iliyoungwa nyaya mbili. Balbu hiyo huwekwa mahali pa fyuzi. Kwa kuwa haipitishi hata ampea mbili kamili, shoti ikiwepo balbu itawaka kwa nguvu zake zote na hakuna kitakachoungua. Shoti isipokuwepo, itamulika mara moja wakati kapasita za amplifaya, yaani vipuri vinavyohifadhi umeme kwa muda, zinajaa, kisha itazimika. Kwa njia hii unaweza kuchomoa waya mmoja baada ya mwingine na kuangalia balbu inafifia wapi, bila kupoteza fyuzi hata moja.

Kabla ya kufungua betri, hakikisha unayo namba ya siri ya redio ikiwa redio yako ni ya aina inayoidai baada ya kukosa umeme. Vua pete na saa ya chuma. Fungua kichwa cha hasi kwanza na ukirudishe mwisho, kwa sababu spana inayogusa bodi ya gari wakati unafungua chanya, ilhali hasi bado imefungwa, hupiga shoti mkononi mwako.

Anza uchunguzi kwenye njia ya waya. Ng'oa waya wa chanya kwenye amplifaya, uzibe ncha yake kwa utepe wa kuhami umeme, kisha weka balbu mahali pa fyuzi ya betri na urudishe hasi. Ikiwaka, waya umegusa bodi mahali fulani, na sehemu za kutazama kwanza ni tundu la ukuta unaotenganisha injini na abiria, hasa kama halikuwekwa mpira wa kukinga waya, kisha reli za viti na kingo za mabati chini ya zulia. Waya uliochunika kidogo unaweza kupiga shoti pale tu gari linaporuka tuta, kwa hiyo utikisetikise wakati balbu iko mahali pake. Kagua pia waya wa hasi: uwe mfupi, wa unene sawa na wa chanya, na ufungwe kwenye chuma cha bodi kilichosuguliwa rangi kwa msasa hadi king'ae.

Ikiwa waya ni salama, geukia amplifaya. Chomoa nyaya zote, zikiwemo za spika, na upime ukinzani kati ya kituo cha chanya na cha hasi, waya mwekundu wa mita ukiwa kwenye chanya. Mpangilio huo ni wa lazima, kwani ukigeuza mita utapima daiodi zilizo ndani, yaani vipuri vinavyopitisha umeme upande mmoja tu, na kudhani umekuta hitilafu. Namba ikianza chini na kupanda polepole, ni kapasita zinajaa. Ikibaki karibu na sufuri, transista za upande wa usambazaji wa umeme zimeungua, au daiodi ya kinga imekufa kwa sababu siku moja mtu aligeuza chanya na hasi. Amplifaya ya namna hii haihitaji fyuzi nyingine. Inahitaji kufunguliwa na fundi.

Hali ni tofauti fyuzi inapongoja waya wa remoti, yaani ule mwembamba unaotoka kwenye redio kuiwasha amplifaya, upate umeme. Washa amplifaya kupitia balbu ikiwa haina spika wala nyaya za ishara zinazoleta sauti kutoka kwenye redio. Balbu ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, transista za kutoa sauti ndizo zinazoshukiwa kwanza. Ikiwaka kwa unyonge, au amplifaya kubwa ikijaribu kuwaka na kuzima, usihukumu haraka, kwa sababu baadhi huhitaji mkondo mkubwa kuliko balbu inavyoweza kupitisha hata zikiwa zimetulia.

Kwenye spika ndiko makosa mengi hujificha, na ni rahisi kuyapima. Koili ya spika ya omu 4 husoma takriban 3.2 hadi 3.8 kwenye mita. Sabufa yenye koili mbili za omu 4 zilizounganishwa sambamba huwa mzigo wa omu 2, ilhali amplifaya nyingi zikiunganishwa kwa mtindo wa "bridge", yaani chaneli mbili zikifanywa moja, hazitakiwi kupewa chini ya omu 4. Mkondo unapanda, joto linapanda, na fyuzi inakatika katikati ya wimbo. Pima pia kati ya kila waya wa spika na bodi ya gari, nyaya zikiwa zimechomolewa kwenye amplifaya. Mita isionyeshe muunganiko wowote, hata ukifungua na kufunga milango na kusogeza viti.

Ikiwa fyuzi hukatika kwenye sauti kubwa tu, piga hesabu. Amplifaya ya daraja D ("class D") ya wati 500 halisi, yenye ufanisi wa karibu asilimia 80, hudai takriban wati 625, sawa na ampea 45 kwenye volti 13.8. Ile ya daraja AB, yenye ufanisi wa karibu asilimia 60, hudai ampea 60 kwa sauti ileile. Wati zinazoandikwa kwa maandishi makubwa kwenye boksi zisitumiwe katika hesabu hii. Pima volti kwenye vituo vya amplifaya muziki ukipigwa na injini ikiwaka. Zikishuka sana chini ya zile za kwenye betri, waya ni mwembamba, ni wa alumini iliyopakwa shaba, au viungo vimelegea. Fyuzi ya betri huchaguliwa kwa uwezo wa waya, na ya amplifaya kwa kiwango alichoandika mtengenezaji.

Kama mfumo una kapasita kubwa ya nje ya faradi moja au zaidi, ijazwe kwanza kupitia balbu ileile mpaka balbu izimike, kwani ikiunganishwa ikiwa tupu huvuta mkondo wa kutosha kukata fyuzi nzima kabisa. Baada ya hapo ndipo fyuzi mpya iwekwe, redio ikiwa imezimwa na waya wa remoti umechomolewa.