Mnataka kujitolea kuzuia moto na sumu ya hewa majumbani? Anzeni hivi

Kama mna kikundi mtaani na mnatafuta kazi ya maana ya kuwafanyia majirani, hii ya kupita nyumba kwa nyumba kufunga alamu za moshi na kuongea na watu kuhusu moto na ile hewa ya sumu inayoitwa kaboni monoksaidi ni kazi nzuri sana, haitaki shahada, inataka ngazi na subira na watu wanaojua kusikiliza. Mimi niliianza nikidhani kazi yenyewe ni kufunga alamu. Sio hivyo, alamu ni dakika kumi tu, kazi ni mazungumzo, na kazi kubwa kuliko zote ni kurudi.

Kabla ya yote nendeni kwa zimamoto. Waambieni mnachotaka kufanya, waombeni mafunzo hata ya siku moja, na ikiwezekana mmoja wao apite na nyie siku ya kwanza, wao ndo wanajua sheria ya pale mlipo inasemaje kuhusu alamu. Toeni taarifa kwa uongozi wa mtaa pia, maana mtu usiyemjua akikugongea na drili mkononi lazima utashtuka. Kama nyumba ni ya kupanga msitoboe dari bila mwenye nyumba kukubali, atakayekuja kulaumiwa ni mpangaji sio nyie.

Nendeni watatu watatu. Mmoja anaongea, mmoja yuko na ngazi, mmoja anaandika. Mkiwa sita mnageuka msafara, mwenye nyumba hawezi kuwa huru. Na hakikisheni kwenye kila timu kuna mwanamke.

Mkishapiga hodi na kukaribishwa msianze na makosa, yaani usiingie tu unanyooshea kidole ekstensheni iliyojazwa plagi. Salimieni, kaeni, halafu ulizeni swali moja, "Mama, usiku mnalala wapi na jiko mnaliweka wapi?" Hilo swali limenifundisha kuliko karatasi zote za maswali. Kuna bibi mmoja tulimkuta analalamika kichwa kila asubuhi, anasema ni presha, kumbe siku za baridi anaingiza jiko la mkaa chumbani, anasubiri moshi uishe, anafunika makaa na majivu, anafunga mlango na kuziba chini kwa kanga ili joto lisitoke. Yeye aliona yuko salama kwa sababu hakuna moshi. Nilishika ile kanga, imekunjwa vizuri kabisa kama mtoto wa shule alivyokunja shati, nikakosa la kusema kwa muda.

Kwahiyo hili lielezeni taratibu na mlirudie. Kaboni monoksaidi haina rangi, haina harufu, na makaa mekundu yasiyotoa moshi hata kidogo bado yanaitoa. Ukiivuta inang'ang'ania kwenye damu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, ndo maana mtu anakosa hewa huku anapumua. Dalili ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, kuishiwa nguvu, kuchanganyikiwa, na aliyelala anaweza asiamke kabisa. Watu wanaona kama mafua yasiyo na homa. Cha kuwaambia washike ni hiki, kama watu wawili watatu ndani wanaumwa kwa pamoja halafu wakitoka nje wanapata nafuu, shida iko kwenye hewa ya hiyo nyumba. Jiko la mkaa halilali ndani na mtu hata kama dirisha liko wazi kidogo, na jenereta iwe nje kabisa, angalau mita 6 kutoka kwenye milango na madirisha, moshi wake ukielekea mbali, sio barazani wala stoo. Hali kadhalika gari, lisiungurume ndani ya gereji hata kama mlango umefunguliwa.

Wakienda hospitali waseme wazi kwamba walikuwa na jiko au jenereta karibu, kwa sababu kile kifaa cha kubana kidoleni cha kupima oksijeni kwenye damu kinaweza kuonyesha namba nzuri tu wakati damu imejaa hiyo sumu.

Haya, alamu zenyewe. Ya moshi inakaa kila chumba cha kulala, kwenye korido ya nje ya vyumba, na kila ghorofa. Dari ndo pazuri, ikishindikana ukutani juu, sentimita 10 mpaka 30 kutoka dari. Iwe kama mita 3 kutoka jikoni na mbali na mlango wa bafu lenye maji ya moto. Hapa ndo tulipokosea sana mwanzoni, tulifunga alamu karibu na jiko tukidhani moto unaanzia huko, ikawa kila mtu akikaanga inapiga kelele, tuliporudi kwenye nyumba moja betri imetolewa iko kwenye rimoti ya tivii. Sikumlaumu yule baba, sisi ndo tuliifunga vibaya. Tangu siku ile tunatafuta zile zinazogundua moshi kwa mwanga, hazisumbuliwi sana na mapishi na zinawahi kuona moto wa kufukuta kama wa godoro, na zikiwa na betri ya miaka 10 isiyotolewa ni bora zaidi. Geuza nyuma usome tarehe, alamu ya moshi ikifika miaka 10 inabadilishwa hata kama bado inalia.

Alamu ya moshi haioni kaboni monoksaidi, hilo wengi hawajui. Yake ni nyingine, inakaa karibu na wanapolala, na muda wake wa kuisha umeandikwa kwenye kifaa. Ikilia wote watoke nje saa hiyo hiyo, wapige simu ya dharura, wasirudi mpaka waambiwe ni salama.

Ukimaliza kufunga usibonyeze wewe kile kitufe cha kujaribu. Mpe mwenye nyumba mpini wa ufagio abonyeze mwenyewe, watoto wawepo wasikie, wajue mlio wa hatari ukoje na ule mlio mfupi wa mara moja moja kwamba ni betri inaisha. Kila mwezi wafanye hivyo. Ulizeni pia kama kuna asiyesikia vizuri, kwa sababu wazee wengi mlio mwembamba haufiki, kuna alamu za mlio mzito wa hezi 520, na kwa viziwi kuna za taa inayomulika na kutikisa kitanda.

Halafu simameni nao mtembee njia ya kutokea. Moto ukishashika mna kama dakika 2 tu au pungufu, kwahiyo kila chumba kiwe na njia mbili, na hapa angalieni grili za madirisha, kama zinafungwa kwa kufuli funguo iko wapi? Tumekuta funguo kwenye pochi ya mama aliye kazini! Itundikwe karibu, mtoto mkubwa aifikie, mgeni asiione kutoka nje. Moshi ukijaa watambae chini, wafunge mlango nyuma yao, wakutane sehemu moja nje, na akishatoka mtu harudi kuchukua simu wala nini. Wafanye zoezi mara mbili kwa mwaka, mara moja iwe usiku.

Kama hamna hela ya alamu bado pitieni, kuna mambo hayahitaji hela. Mafuta yakiwaka kwenye kikaango ni kuzima jiko na kufunika na mfuniko, kamwe sio maji. Mtungi wa gesi, paka povu la sabuni kwenye maungio ya mpira, ukiona mapovu yanaota unavuja, na kwa kuwa gesi hii ni nzito inatambaa chini, usiwashe wala kuzima taa, funga mtungi, fungua milango, toka. Aliyeungua amwagiwe maji ya bomba yanayotiririka dakika 20, sio dawa ya meno.

Daftari lenu liwe na tarehe, idadi ya alamu, zimefungwa chumba gani, na namba ya simu kama mtu ameridhia kuitoa. Msipige picha ndani ya nyumba ya mtu mkarusha kwenye grupu, aliyekufungulia mlango wake amekuamini.

Baada ya mwezi rudini, timu ile ile, na msikague. Ulizeni tu, "Ile alamu inawasumbua?" Wakisema ndio, pandeni ngazi muihamishe siku hiyo hiyo. Yule bibi tuliporudi jiko lilikuwa nje, mahali pa wazi, na kile kipande cha kanga alikuwa anafutia meza.