Kukagua kujikunja kwa ganda la bawa refu la mtambo wa upepo

Bawa la mita 60 na zaidi linaweza kujikunja (kupinda ghafla, kama karatasi inayosukumwa kingo zake) upande unaogandamizwa kabla nyuzi za ganda hazijafika kikomo cha nguvu zake. Paneli za sandwichi (ngozi mbili zenye kiini chepesi katikati) za ukingo wa nyuma, hasa pale bawa lilipo pana zaidi, ndizo za kutazamwa kwanza.

Katika modeli ya kompyuta, inayogawa bawa katika vipande vidogo viitwavyo elementi, tumia elementi za ganda zenye matabaka, zinazohesabu mnyumbuko wa mkato wa kiini (kiini kuhama kimshazari kati ya ngozi mbili). Povu la PVC lenye kilo 60 kwa mita ya ujazo lina moduli ya mkato (ugumu wake dhidi ya mnyumbuko huo) ya takriban MPa 20 tu. Ukiupuuza mnyumbuko huo, paneli itaonekana imara kuliko ilivyo. Weka elementi zisizopungua 8 katika kila nusu wimbi la mkunjo.

Nodi (pointi zinazounganisha elementi) zikiwa kwenye uso wa nje huku unene ukisogezwa ndani, modeli hupinda vizuri lakini msokoto wake unaweza kukosea sana. Weka momenti ndogo ya msokoto nchani, kisha linganisha pembe na hesabu ya sehemu mtambuka. Zikitofautiana, hamishia nodi katikati ya unene. Hakiki pia uzito, kitovu cha uzito na masafa asilia ya kwanza ya mtetemo.

Mzigo uingie kwa muunganisho unaosambaza nguvu, usiwe ule mgumu unaozuia sehemu mtambuka kubadili umbo. Mtafiti Brazier alionyesha mwaka 1927 kwamba bomba jembamba likipindwa hubapa. Bawa nalo hubapa, na muunganisho mgumu huzuia hilo, ukakupa jibu la matumaini yasiyo na msingi. Pinda pande zote nne: kuelekea mnara na kinyume chake, kuelekea ukingo wa mbele na wa nyuma.

Katika uchanganuzi wa mstari (unaodhani bawa halibadili umbo kabla ya kujikunja), omba maumbo 10 hivi ya mkunjo na uyatazame yote kwa macho. Kila umbo lina kizidishi, yaani mara ngapi mzigo uzidishwe ili mkunjo utokee; kikiwa hasi, maana yake mkunjo unatokea mzigo ukigeuzwa. Umbo lililojibana penye muunganisho wa mzigo ni kasoro ya modeli.

Usiishie hapo. Endesha uchanganuzi usio wa mstari, ukitia kasoro yenye umbo la kwanza, kimo chake kikiwa kile kinachoruhusiwa kiwandani, kwa ishara zote mbili. Fuatilia mkazo wa nyuzi usoni ndani na nje ya paneli: mistari miwili ikianza kuachana, paneli imeanza kujikunja.

Paneli ikiwa dhaifu, ongeza kiini kabla ya ngozi, kwani ukinzani wa kupinda hukua takriban kwa mraba wa unene wake. Mikunyanzi midogo ya ngozi juu ya kiini ikokotoe kando, maana elementi za ganda haziioni.