Kufunga nyumba ya baridi na kufungua nyumba ya joto: hatua kwa hatua

Wiki iliyopita nilikaa siku mbili na jirani yangu, mama mtu mzima aliyestaafu, tukifunga nyumba yake kabla hajaenda kupisha baridi kwenye nyumba yake ya pili, ile ya ukanda wa joto. Ni mara yake ya kwanza kusafiri peke yake, maana mambo haya yote alikuwa akiyashughulikia marehemu mumewe. Tiketi alikuwa nayo na nguo zilikuwa zimeshakunjwa, lakini koki kuu ya maji hakujua iko wapi. Tuliitafuta robo saa nzima, tukaikuta nyuma ya makopo ya rangi. Nikaona niandike mwongozo huu, kwa sababu wenye hali kama yake ni wengi.

Mimi nimefanya safari hii misimu tisa sasa. Kilichonifundisha zaidi ni maji. Nyumba ya baridi huharibiwa na maji yaliyobaki ndani ya mabomba. Nyumba ya joto huharibiwa na maji yaliyotuama, na yale usiyoyaona yaliyomo hewani. Pasipoti ukiisahau utageuka njiani uifuate. Maji ukiyasahau utayakumbuka baada ya miezi minne, wakati dari imeshaanguka.

Hatua ya 1: Panga tarehe

Msimu wa vimbunga wa Atlantiki huanza tarehe 1 Juni na kumalizika tarehe 30 Novemba. Kama nyumba yako iko Karibi au pwani za jirani, usiende kuifungua kabla ya Desemba. Kama iko kusini mwa ikweta, fahamu kwamba Desemba hadi Februari mara nyingi ndiyo miezi ya mvua kubwa, kwa hiyo paa na mifereji vikaguliwe kabla hujafika.

Hesabu siku zako. Nchi nyingi humhesabu mtu kuwa mkazi wa kulipa kodi akikaa siku 183 au zaidi ndani ya mwaka. Viza nayo ina siku zake, na hizo hazihusiani na za kodi. Pasipoti iwe na angalau miezi 6 mbele.

Hatua ya 2: Mwili wako

Muone daktari wiki 6 kabla ya safari, wala usingoje wiki ya mwisho. Cheti cha chanjo ya homa ya manjano huanza kutambulika siku 10 baada ya kuchanjwa, kwa hiyo ukichanjwa Jumatatu na kusafiri Ijumaa, kwenye mpaka unaokidai ni sawa na kutokuwa nacho. Habari njema ni kwamba tangu tarehe 11 Julai 2016 cheti hicho ni cha maisha. Kama bado unacho cha zamani, usikitupe.

Kama unakokwenda kuna malaria, mwambie daktari utakaa muda gani, maana dawa za kinga hazifanani. Mchanganyiko wa atovakwoni na proguanili huanza siku 1 au 2 kabla ya kuingia na huendelea siku 7 baada ya kutoka. Doksisaiklini huanza vivyo hivyo, lakini huendelea wiki 4 baada ya kutoka. Wengi hukosea mwishoni: wakishafika nyumbani kwenye baridi huona safari imekwisha, wakaacha vidonge.

Dawa unazotumia kila siku zikae kwenye mkoba wa mkononi, ndani ya vifungashio vyake, pamoja na barua ya daktari. Insulini usiiweke kamwe kwenye mzigo unaoingia tumboni mwa ndege, kwa sababu ikiganda haifai tena.

Hatua ya 3: Bima na mtu wa kuangalia nyumba

Soma mkataba wa bima ya nyumba yako leo. Mikataba mingi ina kipengele cha nyumba isiyokaliwa, na baada ya siku 30 au 60 bila mtu ndani, baadhi ya madhara hayalipwi. Piga simu, uliza masharti yao, na omba jibu kwa maandishi. Kisha tafuta mtu wa kuingia ndani mara moja kwa wiki. Kutazama kutoka barabarani hakutoshi.

Hatua ya 4: Kutoa maji yote kwenye nyumba ya baridi

Hapa ndipo ninapoomba usome polepole.

Kuna watu huacha kipasha joto cha nyumba kikiwaka kwa kiwango cha chini, wakaondoka na maji yakiwa ndani ya mabomba. Mimi sikubaliani na njia hiyo kwa safari ndefu. Umeme ukikatika usiku mmoja wa baridi kali, hakuna mtu wa kuuwasha tena. Bomba lisilo na maji halipasuki, umeme uwepo usiwepo.

Elewa kwanza kwa nini bomba hupasuka. Maji yakiganda, ujazo wake huongezeka kwa takriban asilimia 9. Barafu ikishaziba bomba, huyasukuma maji yaliyonaswa kati yake na bomba la kuchotea lililofungwa. Shinikizo hupanda pale kati, na mara nyingi chuma hupasuka mahali ambapo hapana hata barafu. Ndiyo sababu mabomba yote yanaachwa wazi ukiondoka. Wala hutajua kitu wakati wa baridi, kwa kuwa barafu yenyewe bado imeziba bomba. Maji huanza kumwagika siku joto linaporudi.

Utaratibu wangu ni huu. Zima hita ya maji kwanza, kwenye swichi yake na kwenye ubao wa umeme pia. Hita ya umeme ikiwaka bila maji ndani, koili yake huungua ndani ya muda mfupi sana. Ya gesi ifunge gesi yake. Iache ipoe usiku kucha, kwa sababu maji yake yanaweza kukuunguza vibaya. Asubuhi funga koki kuu, kisha fungua mabomba yote, ya moto na ya baridi, ukianzia ghorofa ya juu na kuishia bomba la chini kabisa.

Sasa hita. Msimu wangu wa kwanza ilinipotezea siku nzima. Niliunga mpira wa maji kwenye koki ya chini ya tanki, nikaupeleka nje, nikafungua. Maji yalitoka kwa nguvu dakika mbili hivi, yakapungua, yakawa uzi mwembamba, yakakata. Nikaamini tanki limekwisha. Nilipoligonga kwa kiganja lilijibu kwa sauti nzito ya kitu kilichojaa. Nikadhani ni chokaa iliyoziba koki. Nikachokoa kwa waya, nikafungua na kufunga, nikaenda kununua koki mpya ambayo haikuhitajika. Jioni nikampigia fundi bomba mmoja mzee, akaniuliza swali moja: “Umefungua bomba la maji moto la juu?” Nilikuwa nimeyafungua asubuhi, kisha nikayafunga yote kwa kuchukia ile sauti ya matone. Tanki lilikuwa halina pa kuvutia hewa, na pasipo hewa kuingia maji hayatoki. Nilipanda nikafungua bomba la bafuni, likavuta pumzi ndefu, na kule nje mpira ukaanza kuruka wenyewe kwenye nyasi.

Kwa hiyo: maji yakikata mapema, tafuta hewa kabla hujagusa waya. Kama bomba la juu liko wazi na bado hayatoki, hapo ndipo ufikirie chokaa. Fungua koki kuu kwa sekunde chache, maji yaisukume, kisha ufunge tena.

Tanki likiisha bado hujamaliza. Mabomba ya nyumba hayakulazwa yote kwa mteremko, na mahali popote bomba liliposhuka kisha likapanda, maji hukaa. Mimi hutumia kompresa ya hewa kwa shinikizo dogo, lisizidi bar 3, nikipuliza bomba moja baada ya jingine hadi litoe ukungu tu. Wanaosema kompresa si lazima huenda mabomba yao yamelazwa vizuri. Mimi siamini bomba nisiloliona.

Mashine ya kufulia na ya kuoshea vyombo zina pampu zinazobakiza maji, kwa hiyo ziendeshe kwenye hatua ya kutoa maji na fungua mipira yake ya nyuma. Bomba la nje, hata lile lililotengenezwa kuhimili baridi, halijimwagi kama mpira wa bustani umebaki umeungwa. Uvue mpira. Kwenye choo vuta maji, kisha kausha tanki kwa sponji.

Zimebaki zile kona zilizopinda kama herufi U chini ya masinki, bafu na choo. Kona hizo hubakiza maji makusudi ili harufu ya maji taka isipande ndani. Ukiziacha na maji zitaganda, ukizikausha nyumba itanuka. Mimina humo dawa ya kuzuia kuganda yenye glikoli ya propilini, ile inayouzwa kwa ajili ya mabomba ya nyumba. Usitumie ya magari. Ile yenye glikoli ya ethilini ni sumu kali, na ladha yake tamu huwavuta wanyama na watoto.

Tahadhari tatu. Kama nyumba yako hupashwa joto kwa maji yanayozunguka kwenye rejeta, huo ni mfumo wa peke yake, mwachie fundi wake. Kama kuna mabomba ya kuzimia moto darini, usiyaguse. Na kama unaishi kwenye fleti, zungumza na msimamizi wa jengo kabla ya kufunga chochote, kwani huenda koki yako inamlisha na jirani.

Tulipofika hapa yule mama aliniuliza, “Mwanangu, nitakumbukaje yote haya mwakani?” Tukaandika kwenye kadi ngumu, tukaifunga kwa uzi kwenye koki kuu. Fanya hivyo na wewe.

Hatua ya 5: Mengine ya ndani

Friji itolewe vyakula, ikaushwe, na mlango wake uachwe wazi. Betri ya gari itolewe waya.

Hatua ya 6: Safari

Vaa nguo za tabaka unazoweza kupunguza. Kwenye safari inayozidi saa 4, simama utembee kila mara, kwa sababu kukaa muda mrefu huongeza uwezekano wa damu kuganda miguuni. Mwenye historia hiyo amuulize daktari kuhusu soksi za kubana.

Hatua ya 7: Kufungua nyumba ya joto

Utafika umechoka na utatamani kuoga. Subiri. Bakteria wa lejionela, wanaoleta ugonjwa mkali wa mapafu, hustawi kwenye maji yenye joto la nyuzi 20 hadi 45, na katika nchi za joto hata maji yanayoitwa ya baridi, yaliyolala kwenye tanki la juu ya paa, yako humo humo. Mtu huugua kwa kuvuta matone madogo ya mvuke, si kwa kuyanywa. Kwa hiyo fungua madirisha, vua kichwa cha shawa, acha maji yatiririke taratibu dakika kadhaa bila kurukaruka, bomba kwa bomba. Hita ya maji ipandishwe hadi nyuzi 60 kabla mtu hajaoga. Kama tanki la paa limekaa miezi mingi, limwage na kulisugua kwanza.

Baadaye kuvu. Pua itakuambia kabla ya macho. Angalia nyuma ya kabati, chini ya godoro, ndani ya viatu. Kuvu hupenda unyevu wa hewa unaozidi asilimia 60, na nyumba iliyofungwa ukanda wa joto huvuka hapo kirahisi. Vaa barakoa nzuri, sugua sehemu ngumu kwa maji na sabuni, kisha kausha kabisa kwa feni. Sipendi watu wanavyomwaga dawa ya klorini kwenye mbao: weusi hupotea juu, kuvu lenyewe limebaki ndani. Godoro lililoota kuvu litupwe. Unapoifunga nyumba hii mwishoni mwa msimu, acha milango ya makabati wazi, vuta samani mbali na ukuta, wala usifunike kitu kwa plastiki.

Siku hiyo hiyo zunguka nje. Kila sahani ya chungu cha maua, ndoo na mfereji wa paa ulioziba ni kitalu cha mbu. Mayai ya *Aedes aegypti*, mbu anayeeneza dengi, huweza kukaa makavu kwa miezi yakiwa yamenata ukutani mwa chombo, na yakipata maji, mbu kamili hutoka kwa siku 7 hadi 10 hivi. Kumwaga maji hakutoshi. Sugua chombo kwa brashi, hasa pale kwenye mstari ambapo maji hufikia.

Kwa wiki 1 hadi 2 za mwanzo mwili bado unajifunza joto. Kazi nzito fanya alfajiri.

Hatua ya 8: Kurudi

Ukirudi kwenye baridi soma kadi yako kinyumenyume. Funga mabomba yote isipokuwa la juu kabisa la maji moto. Fungua koki kuu robo tu, zunguka nyumba nzima ukisikiliza kuta, kisha ongeza kidogo kidogo. Umeme wa hita uwe wa mwisho, wakati bomba lile la juu linatoa maji mfululizo bila kukohoa hewa.