Faili yako imejificha kwenye folda ya muda: namna ya kuifikia

Juzi nilimsaidia dada mmoja aliyefungua kiambatisho cha barua pepe ndani ya Outlook, akaandikia humo ripoti kwa muda wa saa tatu, akawa anahifadhi kila baada ya aya, kisha akafunga. Alipokifungua tena, kilikuwa vilevile kilivyotumwa. Alikuwa karibu kulia. Kazi yake ilikuwepo, ila kwenye folda ya muda ambayo Windows huificha.

Likikukuta hilo, usizime kompyuta, usifunge Outlook, wala usiguse programu ya kusafisha diski. Outlook inapofungwa hujaribu kuzifuta nakala hizo.

Hatua ya 1. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika %temp%, kisha Enter. Alama zote mbili za asilimia ni za lazima. Utapelekwa moja kwa moja kwenye folda ya Temp, iliyomo ndani ya AppData\Local, chini ya jina lako la mtumiaji.

Hatua ya 2. Ukitaka kufika kwa kufungua folda moja baada ya nyingine, utaikosa AppData kwa sababu imefichwa. Kwenye Windows 11 fungua File Explorer, bofya "View", kisha "Show", halafu "Hidden items". Kwenye Windows 10, tiki ya "Hidden items" iko humo humo ndani ya "View". AppData itajitokeza kwa rangi iliyofifia.

Hatua ya 3. Hapa ndipo wengi hukwama. Viambatisho vya Outlook ile ya kawaida ya kompyuta havikai Temp, vinakaa ndani ya INetCache, na hiyo haionekani hata ukishaweka tiki, maana Windows huihesabu kuwa folda ya mfumo. Usihangaike kuitafuta kwa macho. Bonyeza Windows na R, andika regedit (programu ya kuona mipangilio ya ndani ya Windows), Enter, kisha nenda hapa:

HKEY_CURRENT_USER\Software\Microsoft\Office\16.0\Outlook\Security

Namba 16.0 ni ya Office 2016 na zilizofuata. Ya 2013 ni 15.0, ya 2010 ni 14.0. Upande wa kulia bofya mara mbili OutlookSecureTempFolder, nakili anwani iliyomo, na utoke kwa "Cancel" bila kubadilisha hata herufi moja. Ibandike kwenye upau wa anwani wa File Explorer, kisha Enter.

Kwa yule dada tulikuta faili mbili: ripoti.docx na ripoti (002).docx. Mkono wake ulikimbilia ya pili kwa kuwa ilionekana mpya. Nikamzuia. Hiyo yenye namba ilizaliwa pale alipokifungua kiambatisho upya, kwa hiyo iko vilevile ilivyotumwa, bila kazi yake. Kazi yake ilikuwa kwenye ile isiyo na namba. Basi linganisha saa ya kubadilishwa na ukubwa wa faili, na uihamishie nakala kwenye Documents kabla hujaifungua.

Hatua ya 4. Folda ya C:\Windows\Temp ni ya mfumo mzima, hivyo utaambiwa huna ruhusa. Bofya "Continue" kama akaunti yako ni ya msimamizi. Kama kompyuta ni ya ofisi, mwombe anayeisimamia.

MASWALI YA WANACHAMA

Mwalimu, nikiandika %temp% naambiwa folda haipo. Nifanyeje?

Ama imefutwa, ama anwani yake imeharibiwa. Bonyeza Windows na R, andika sysdm.cpl, fungua "Advanced", kisha "Environment Variables". Sehemu ya juu, TEMP na TMP zote ziwe %USERPROFILE%\AppData\Local\Temp. Zikiwa sawa na bado inagoma, ingia AppData\Local, tengeneza folda uiite Temp, kisha uwashe kompyuta upya.

Word yangu ilijifunga kabla sijahifadhi hata mara moja. Nitafute Temp?

Hapana ndugu yangu. Fungua Word, nenda "File", "Info", "Manage Document", kisha "Recover Unsaved Documents". Itakufungulia folda ya UnsavedFiles. Faili za humo huishia na .asd.

Naweza kufuta vyote vilivyomo Temp? Diski imejaa.

Unaweza, ila hakikisha kwanza huna kazi unayoitafuta. Kama kuna programu uliyoisakinisha na inasubiri kompyuta iwashwe upya, iwashe kwanza. Funga programu zote, chagua vyote, futa. Vitakavyogoma vinatumika wakati huo. Bofya "Skip" uviache.

Sisi wa Mac je?

Fungua Terminal, andika open $TMPDIR, kisha Enter. Kuona vilivyofichwa ndani ya Finder, bonyeza Command, Shift na nukta kwa pamoja.