Kuvua mputa kwa nkejje aliye hai

Watu wengi hapa Jinja, Uganda, wakitaka mputa, sangara kwa ndugu zetu wa Tanzania, wanakimbilia uzi mnene, ndoana kubwa na risasi nzito (kipande cha chuma cha kuzamisha uzi), alafu nkejje, samaki mdogo wa ziwani tunayemfanya chambo, anakufa hata hajafika chini. Mputa anataka kitu kinachohangaika, kwa iyo kazi yako yote ni kumtunza chambo awe hai.

Nkejje wa urefu wa kidole anatosha, ngege (sato) wadogo waache wakue. Weka kumi tu kwenye ndoo pana, sio jerikeni, ikae kivulini na ubadilishe maji ya ziwa mara kwa mara, ukiona wanapanda juu wanahema ujue hewa imeisha kwenye maji. Siku moja niliacha ndoo juani nikaenda kunywa chai, kurudi wote wanaelea matumbo juu na giza ndo lilikuwa linaingia, saa nzuri kabisa ikapita bure, iliniuma sana.

Lowesha mkono kabla ya kumshika, mkono mkavu unamtoa ute. Ndoana nyembamba ya duara, ile ncha yake imeinama ndani, ipite mgongoni karibu na pezi kwenye nyama kidogo tu, ukigusa uti anakakamaa na hafai tena. Kwenye mkondo kama kule Murchison Falls, maporomoko ya mto Nile (kule chukua kibali cha Uganda Wildlife Authority na kaa mbali na ukingo, mamba wapo) mtoboe mdomo wa juu ili aelekee maji kama kawaida.

Risasi iwe ndogo kabisa. Ila mita moja ya mwisho weka nailoni nene, meno ya mputa ni kama msasa, yanakula uzi.

Tupa kando ya miamba alfajiri au jioni, macho yake yanaona vizuri kwenye mwanga hafifu. Uzi ulale kidoleni. Utasikia nkejje anatetemeka haraka haraka, tuk tuk tuk, kamuona mkubwa, alafu kimya, alafu uzi unaanza kwenda. Usivute kwa kishindo! Mputa humeza kwa kuanzia kichwani ili miiba ya mgongoni ilale, mpe nafasi kidogo alafu kaza taratibu, ndoana itajishika yenyewe pembeni mwa mdomo. Akikimbia muachie uzi, akiruka shusha fimbo.

Akiwa chini ya sentimita 50 anarudi majini, ndo sheria, mbebe kwa mikono miwili bila kumshika mashavu, muelekeze kwenye maji mpaka apige mkia mwenyewe.