Moto ukishika kwa ploti nani anaamuru? Panga uongozi kabla zimamoto hawajafika

Tuseme ukweli, moto ukishika kwa mitaa yetu hapa Nairobi watu wa kusaidia hawakosekani. Muda kidogo tu umati umejaa, huyu na ndoo, yule anang'oa mabati, mwingine yuko juu ya paa, wote wanapiga kelele "zima stima! leta maji!" na hakuna anayejua kama hiyo stima imezimwa ama bado. Kinachokosekana ni mtu mmoja wa kusema na wengine wasikie. Hata wakubwa imewapata, magaidi waliposhambulia maduka ya Westgate hapa Nairobi 2013 polisi na wanajeshi waliingia bila kamandi moja mpaka wakapigana risasi wenyewe kwa wenyewe. Marekani nao, moto wa California mwaka 1970 uliua watu 16 kwa siku 13, na walipochunguza wakakuta shida kubwa ni idara nyingi kuja kila moja na mkubwa wake na redio yake. Mfumo wa kamanda mmoja waliotengeneza baada ya hapo, unaoitwa Incident Command System, unatumika nchi nyingi sasa, na sehemu yake kubwa unaweza kuileta mpaka kwa ploti bila kununua kitu.

Anzeni na kamanda, na mumchague mapema. Si lazima awe landilodi ama mzee wa Nyumba Kumi, awe mtu anayeshinda hapo, ana sauti, hapaniki. Wekeni wa pili na wa tatu pia kwa sababu mchana wengi wako kazini, na mara nyingi mama wa kibanda ndiye anajua kila mlango kuliko mtu yeyote, kwa hivyo msimruke. Sasa hii ndio ngumu: kamanda habebi ndoo. Anasimama mahali pamoja panapoonekana, moshi usipomfikia, amevaa reflekta ya bodaboda ili hata mgeni ajue wa kuuliza ni nani. Akishika ndoo tu hamna kamanda tena.

Na amri yake ya kwanza mara nyingi ni "rudini nyuma". Mtaa wa Sinai hapa Nairobi mwaka 2011 mafuta ya bomba yalivuja yakaingia mtaroni, watu wakaenda kuchota, yakalipuka, takriban watu 100 wakafa. Kukiwa na mafuta ama gesi inayovuja usiruhusu mtu kusogea, hata yule anayesema anaenda kuokoa televisheni.

Chini ya kamanda weka viongozi wachache, watano hivi ndio mtu anaweza kuwasikiliza vizuri, na kila msaidizi awe na kiongozi mmoja tu wa kumsikiliza. Mmoja ni wa stima, mitungi ya gesi na maji. Mwingine ni wa kutoa watu na kuhesabu, huyu anakaa na daftari mahali pa kukutana, na daftari liwe limeandikwa kitambo hivi: "Nyumba 14, watu 5, shosho hatembei." Bila hilo daftari utasikia tu "kuna mtoto ndani!" na kijana atarudi kwa moto kutafuta mtoto aliye kwa jirani anakunywa chai.

Wa simu naye ni mmoja. Watu ishirini wakipiga kila mmoja akitaja jina lake la mahali, gari litaenda kwingine. Apige 999 ama 112, na 1199 ya Red Cross, aseme barabara, steji ya karibu, shule ama kanisa linalojulikana, na lango la kuingilia. Andikeni hayo maneno kwa karatasi mbandike kwa geti, maana mtu akitetemeka anasahau hata mahali anaishi. Na kwa grupu la WhatsApp huyo huyo ndiye anaandika, wengine wanyamaze.

Njia nayo usiidharau kabisa, Mathare ama Mukuru gari la zimamoto linaweza kukwama hatua chache tu kutoka kwa moto. Tuma watu wa bodaboda wawili, mmoja asimame barabara kubwa alipokee gari aliongoze, mwingine ahamishe magari na meza za biashara. Mtandao ukilemewa tumieni firimbi, moja ni nyamazeni msikie, tatu ni tokeni wote.

Wazimamoto wakifika, kamanda aende moja kwa moja kwa mkubwa wao amwambie kwa ufupi: nani hajapatikana na mlango gani, stima imezimwa ama la, mitungi iko wapi, maji yako wapi. Halafu ageukie viongozi wake aseme "kamanda sasa ni huyu". Wamechelewa, ndio, na hasira ni haki yenu, lakini jiwe likirushwa kwa hilo gari linarudi nyuma na nyumba zinaisha, hayo mengine myapeleke kwa chifu kesho.

Fanyeni zoezi Jumapili jioni watu wakiwa nyumbani. Firimbi tatu, watu watoke, hesabuni kwa daftari, halafu kamanda wa pili aongoze huku wa kwanza amekaa kimya. Hapo ndio mtajua nani alihama zamani na bado jina lake liko, na geti gani hufungwa kwa kufuli ambayo ufunguo wake hakuna anayejua uko kwa nani.