Uyole hadi Tukuyu kwa baiskeli: anza na breki

Mimi ni fundi baiskeli pale Uyole, Mbeya. Kiangazi kikiingia hunijia vijana wenye baiskeli za mashindano za mtumba, matairi membamba kama kidole, wameshaamua kwamba kesho yake wanakwenda Tukuyu. Swali lao la kwanza ni mlima: je, nitauweza? Mimi hujibu kwa kuinua gurudumu la mbele, kulizungusha na kubana breki. Mlima ukikushinda unashuka, unakokota baiskeli, unapumzika, unafika. Mteremko hauna huruma hiyo. Kwa hiyo maelezo yangu nitayaanzia kwenye breki, hata kama ulikuja kusoma habari za msitu na ziwa la maajabu.

Raba za breki zikilika mpaka mifereji yake inakaribia kupotea, tupa. Waya wa breki ukiwa na uzi mmoja tu uliokatika karibu na kishikio, badilisha leo, si ukirudi. Pangusa rimu kwa kitambaa kikavu, mafuta ya mnyororo yasiguse pale. Halafu gia: kwa njia hii ningependa uwe na gia ndogo ya mbele ya meno 34 na kubwa ya nyuma ya meno 32. Wengi huja na gia za tambarare kwa sababu ndivyo baiskeli ilivyotoka kwenye kontena, kisha wanalalamika magoti. Kuhusu matairi, kama fremu yako inaruhusu, weka ya milimita 28 au zaidi. Yale ya 23 ni ya barabara ambazo hatuna. Beba tyubu mbili, viraka, pampu na funguo zako, maana mafundi wa vijijini ni hodari kwa baiskeli za Phoenix, ila tyubu yenye mdomo mwembamba hawana.

Njia yenyewe haipotezi mtu. Pale Uyole unaiacha barabara kuu ya Dar es Salaam na Tunduma, unashika ya kusini inayokwenda Kasumulu, mpakani na Malawi. Ni lami mwanzo hadi mwisho, kama kilomita 60 mpaka Tukuyu. Unapita Igawilo, kisha unaanza kupanda. Uyole iko kama mita 1,800 juu ya usawa wa bahari na barabara inapanda hadi kuzidi mita 2,000, kwa hiyo ukitokea Dar utaona pumzi inakata mapema. Usione aibu. Panda kwa gia nyepesi, miguu izunguke haraka, na uweze kuongea sentensi nzima bila kuhema. Ukishindwa kuongea, unakimbiza.

Toka saa moja asubuhi, kukishakucha vizuri. Baridi ya Juni na Julai hapa si mzaha: vaa glavu, na chukua gazeti moja kuukuu. Utalikunja kifuani chini ya jezi kabla ya kuteremka, linazuia upepo kuliko fulana mbili. Msimu mzuri ni Juni hadi Oktoba. Kuanzia Novemba mvua za Rungwe zinashika kazi mpaka Mei, na Tukuyu ni miongoni mwa maeneo yenye mvua nyingi kabisa nchini. Ukienda miezi hiyo, lowa kwa hiari yako.

Ukifika Isyonje na Isongole umeingia kwenye nchi ya viazi. Magunia yamesimama kando ya barabara, mengi yamejazwa lumbesa, yaani kupita kipimo, na pikipiki zinayabeba zikiyumba. Ziachie nafasi. Hapo sasa inua macho: kushoto kwako ni Mlima Rungwe, karibu mita 2,960, na kulia ni safu ya Uporoto ambamo ndani yake kuna kreta ya Ngozi, shimo la volkano lenye ziwa. Barabara imepita katikati ya misitu miwili yenye hadithi kuliko yote ninayoijua mkoani Mbeya.

Ya Rungwe ndiyo ninayoipenda zaidi, kwa sababu ilikuja kuwa kweli. Wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa wakitaja mnyama anayeitwa kipunji. Watafiti waliposikia habari zake mwaka 2003 hawakuwa na hakika kama ni mnyama hai au wa masimulizi, kwa kuwa katika simulizi za msitu huu wapo wa aina zote mbili. Mwaka huohuo wakamwona: kima wa rangi ya kahawia na kijivu, nywele za utosini zimesimama, sauti yake mlio mzito unaofanana na kubweka. Alitangazwa rasmi mwaka 2005, na 2006 akapewa jenasi yake mwenyewe, yaani kundi lake la kisayansi, Rungwecebus. Jenasi mpya ya kima Afrika ilikuwa haijapatikana tangu 1923. Usitegemee kumwona kutoka barabarani. Anaishi juu kwenye miti, msituni ndani, na wamebaki wachache.

Ngozi unaweza kuifikia siku hiyohiyo, ukijipanga. Kutoka barabara kuu kuna njia ya vumbi ya kilomita kadhaa, na baiskeli ya matairi membamba itaifanya kwa kulalamika. Ni bora uiache kijijini kwenye nyumba yenye watu. Shuka, vua kofia, msalimie mwenye nyumba ipasavyo: “Shikamoo mama, naomba kuacha baiskeli yangu hapa mpaka mchana.” Mpe chochote kabla hujaondoka, wala usisubiri akuombe. Chukua pampu, taa na begi lako, si kwa kuwadhania watu ubaya, bali kwa sababu watoto wanapenda kuchezea. Ada ya msitu hulipwa, na mwongozaji chukua wa hapohapo kijijini. Njia ya mwisho inapandwa kwa miguu na inateleza hata kiangazi. Viatu vya baiskeli vyenye chuma chini vitakuvunja kifundo, kwa hiyo beba raba za kawaida mgongoni. Hili huwa nalirudia mpaka naonekana mzee.

Ukingoni unaona ziwa chini kabisa, kijani, limezungukwa na kuta za msitu. Kila mwongozaji atakwambia umbo lake ni ramani ya Afrika, nawe utatikisa kichwa na kuitafuta pembe ya Somalia. Utasikia pia kwamba maji yake hubadilika rangi, na kwamba wapo wanaoyachota kwa ajili ya dawa. Mimi sibishani na hayo. Usitupe kitu, usipige kelele, na usishuke hadi majini bila mwenyeji. Ukuta ule ni mkali sana na kupanda kurudi kutakula miguu unayoihitaji barabarani.

Sasa mteremko. Baada ya Ntokela barabara inaanza kushuka kuelekea Kiwira, na ukungu unaweza kukukuta pale wakati Uyole umeacha jua. Washa taa nyekundu ya nyuma hata kama ni saa nne asubuhi. Shika pembe za chini za usukani, rudisha makalio nyuma kidogo, pedali za pande zote mbili ziwe usawa unaponyooka. Breki usizining'inie. Breki inayobana rimu inapasha rimu moto, joto linaingia kwenye tyubu, hewa inatanuka, na tairi linapasuka wakati ambao huwezi kuchagua. Bana kwa nguvu kwa muda mfupi kabla ya kona, achia, acha upepo upoze, kisha bana tena. Tumia ya mbele na ya nyuma pamoja. Ndani ya kona kusiwe na breki. Kama unaihitaji mle, uliingia kwa kasi mno. Mvua ikinyesha, gusa breki mapema kidogo kukausha rimu, maana mzunguko wa kwanza haushiki kitu.

Karibu kila kijiji kina rasta, yaani vijituta vidogo vilivyofuatana, kisha tuta. Rasta kwa gari ni mtikisiko. Kwako ni chupa ya maji kuruka na mikono kufa ganzi. Simama kwenye pedali, kunja viwiko. Malori ya mafuta na makontena ya Malawi yanashuka kwa gia nzito, hivyo utayafikia. Usiyapite kwenye kona hata kama dereva amekuwashia indiketa kukuruhusu. Ukisikia harufu ya breki za lori zimeungua, simama kabisa, nunua ndizi, mwache aende zake.

Kuanzia Kiwira hali ya hewa inabadilika, migomba inaanza, na ndizi mbivu ni chakula bora kuliko biskuti yoyote utakayobeba. Mama akikuongezea moja juu ya zile ulizonunua, sema “ndaga fijo”, utaongezewa ya pili. Kutoka hapo hadi Tukuyu kuna kupanda tena, kupitia mashamba ya chai ya Katumba, na hapa ndipo walioteremka kwa mbwembwe hulipa.

Ukilala Tukuyu, kesho yake una za kuchagua. Masoko, kama kilomita 15, ina ziwa la kreta na boma la Wajerumani ukingoni mwake. Hadithi ya huko ni ya mali na silaha walizozitosa majini Vita Kuu ya Kwanza. Daraja la Mungu, lililoumbwa na lava juu ya Mto Kiwira, unachepukia Kibwe, na njia inapita eneo la magereza, basi kamera iache mfukoni. Mzunguko wa Katumba, Mwakaleli, Mbambo na kurudi Tukuyu ni karibu kilomita 80 za chai na vilima, si lami yote, na wakati wa mvua udongo wake unajaa kwenye breki mpaka gurudumu linagoma.

Kurudi Uyole, kama miguu imekwisha, panda basi dogo la Coaster. Patana nauli ya baiskeli kabla haijapanda juu ya keria, na uifunge mwenyewe. Toa gurudumu la mbele, laza baiskeli upande wa mnyororo ukiwa juu, funga fremu kwa mpira sehemu tatu, kisha tafuta konda umwombe magunia yasiwekwe juu yake. Atakubali. Ukishakaa ndani, sikilizia kila kituo nani anapanda juu na mzigo gani.